Faili Lililoingia Kifudifudi

Wapo watu ambao wakiumia moyo hulala. Wapo wanaokula, na wapo wanaowapigia marafiki simu mpaka salio linawaishia. Karani huyu wa masjala ya hospitali husafisha. Jana, fundi wa mtandao alipotoka masjala ameinamisha kichwa, hakudondosha hata chozi. Alichukua kitambaa, akafuta rafu za mafaili kuanzia ya juu kabisa, akapanga mihuri kwa ukubwa, akainama mpaka chini ya meza ambako hata mfagizi hakuwahi kufika, akafuta na nyaya. Alipomaliza, chumba kiling'aa, na huzuni yake ilikuwa pale pale.

Asubuhi hii hajaweka hata mkoba chini, simu ikaita. Usiku kucha alikuwa amejiapiza kwamba fundi akipiga hatapokea. Kujiapiza ni kazi rahisi. Aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Bibie," fundi alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina jingine tangu walipofahamiana. "Nisamehe kwa kukusumbua. Sipigi kwa ajili yetu. Ni mama."

Mama huyo ndiye aliyekuwa chanzo cha usafi wote ule. Jumapili fundi alikuwa amempeleka Bibie nyumbani kwao akatambulishwe. Mambo yalianza vizuri. Alikaribishwa, akapewa kiti kizuri, akasifiwa hata mtindo wa nywele. Kisha mama akamuuliza anafanya kazi gani, naye akasema yupo masjala ya hospitali, kule yanakotunzwa mafaili ya wagonjwa. Mama aliweka kikombe chini taratibu. Hakumfukuza, maana alikuwa mtu wa heshima zake. Alimuuliza maswali mengine ya adabu, akamsindikiza hadi mlangoni, akamtakia safari njema.

Alipobaki na mwanawe ndipo akasema la moyoni, na fundi, ambaye hajui kuficha jambo hata dogo, alilileta masjala jana kama lilivyotoka. Mama alisema mtu anayejua maradhi ya mji mzima hawezi kumweka jikoni kwake. "Faili langu ni uchi wangu," alisema. "Uniletee nyumbani mtu aliyekwisha kuniona?" Fundi ni mtoto wa pekee, na mama alimlea peke yake. Alimwambia Bibie kwamba hawezi kuoa bila radhi ya mama, na wala hawezi kuoa mwingine. Bibie akamjibu aende akamtunze mama yake. Alipotoka, ndipo alipochukua kitambaa.

Sasa fundi alizungumza haraka. Walikuwa wamefika hospitali ya rufaa usiku, safari ya saa nyingi kwa basi. Uvimbe wa tumboni uliomtesa mama ulikuwa utolewe leo. Lakini daktari wa dawa za usingizi alikuwa amemuuliza kama amewahi kupasuliwa, naye akasema ndiyo, zamani, mwanawe akiwa bado anasoma shule ya msingi. Na kwamba safari ile walipomlaza tu, pumzi ilimkatika wakahangaika kuirudisha. Dawa gani ilimfanya vile? Hajui. Karatasi ya siku ile ilikuwa ndani ya faili lake, na faili lilikuwa masjala, kwenye rafu iliyofutwa vumbi jana. Daktari hakutaka kusomewa kwenye simu. Alitaka aione karatasi yenyewe na sahihi iliyo chini yake. Isipofika kabla hajaingia chumba cha upasuaji, mama angeondolewa kwenye orodha, na foleni mpya ilikuwa ya miezi. Uvimbe ule haukuwa wa kungoja miezi.

"Mama amekubali litumwe?" Bibie aliuliza. Hilo ndilo swali la kwanza la masjala, hata kama dunia inaungua.

"Ametia sahihi. Aliuliza ni nani atakayelitoa rafuni. Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Aligeukia ukuta. Halafu akasema, basi na lije."

Bibie aliiweka simu kwenye spika juu ya meza, akapiga moyo konde. Alilipata faili bila kutafuta sana. Alilinganisha namba, akalinganisha jina la kwenye jalada, kisha akalilaza kifudifudi juu ya meza na kuanza kutoa pini kwa nyuma. Ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza ya kazi: macho kwenye namba, si kwenye maneno. Na skana ya masjala ilikuwa ikilishwa karatasi zikiwa zimetazama chini, kwa hiyo mtu mwenye adabu ya kazi angeweza kutuma faili zima asione kitu ila migongo ya karatasi.

Aliweka rundo la kwanza, akabonyeza kitufe. Skana ilifikiri kidogo, kisha kioo chake kidogo kikaandika: Hakuna mtandao.

Akabonyeza tena. Jibu likawa lile lile.

Skana hii ndiyo iliyowakutanisha. Fundi ndiye aliyekuja kuifunga ilipoletwa mpya, akamfundisha kuitumia, kisha akawa anarudi kuiangalia hata isipokuwa na tatizo. Mkuu wa masjala, mama mmoja anayekaribia kustaafu, alisema wakati ule kwamba hajawahi kuona mashine mpya inayoumwa kuliko wagonjwa. Watu walimwita Bi Kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza. Ndiye aliyeingia wakati huo, akaona uso wa Bibie, akaona faili, akaona skana, na bila kuambiwa hili wala lile akaelewa yote.

"Piga picha kwa simu," alisema. "Mimi nitageuka nitazame dirishani."

Wazo lilikuwa limeshampitia Bibie kichwani. Kupiga picha faili la mgonjwa kwa simu lilikuwa kosa lisilo na onyo. Mtu alikabidhi funguo siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshaifungua kamera.

"Hapana," fundi alisema kule aliko, maana alisikia. "Bi Kimya, nakushukuru sana, lakini hapana. Sitaki mama apone kwa kumfukuzisha mtu kazi. Bibie, nisikilize mimi. Tutaitafuta hitilafu pamoja. Nitakuwa macho yako hukohuko... aah, wewe utakuwa macho yangu."

"Nakusikiliza."

Alimwambia aichomoe skana ukutani kabisa, angoje kidogo, aichomeke. Ikawaka, ikajinyoosha, ikaandika yale yale. Alimwambia atazame nyuma yake, pale waya wa mtandao unapoingia, kama ile taa ndogo inawaka. Ilikuwa inawaka, tena ikipepesa haraka sana. Basi waya ni mzima, fundi alisema. Kisha akamwelekeza kwenye mipangilio, aingie sehemu ya anwani, amsomee tarakimu zilizoko. Bibie akaanza kusoma mia moja sitini na tisa, na kabla hajaendelea fundi akamwambia inatosha.

"Hiyo imejipa anwani yenyewe," alisema. "Mashine ikiwaka huita mtandao iombe anwani. Ikiita weee ikakosa wa kuijibu, inajibandika yoyote. Skana yako inaita, Bibie. Hakuna anayeisikia."

"Maskini," Bi Kimya alisema, na haikujulikana anamhurumia nani.

Kulikuwa na kelele upande wa fundi, magurudumu ya kitanda kinachosukumwa, mtu akiita jina la mgonjwa mwingine. Bibie hakuwa akifikiria ndoa tena. Alikuwa akimfikiria mwanamke aliyeweka kikombe chini taratibu, amelala amefunikwa shuka la watu, akingoja karatasi kutoka kwa mtu asiyemtaka. Na cha ajabu, hakumwonea hasira. Alimwona tu kama mama wa mtu anayempenda, na alitaka apone.

"Kompyuta yako inafungua mfumo wa hospitali?" fundi aliuliza.

Alijaribu. Haikufungua. Bi Kimya alitoa kitambaa alichofunikia kompyuta yake, ambayo kwa kawaida haikuguswa mpaka baada ya chai, akaiwasha, nayo ikakataa vilevile.

"Basi tumeisingizia skana," fundi alisema. "Shida ni ya chumba kizima. Nenda kwenye kile kisanduku chini ya meza, kile chenye matundu mengi, ambako nyaya zote zinakutana. Niambie taa zake zikoje."

Bibie alipiga magoti, akawasha tochi ya simu. "Zote zinapepesa pamoja. Haraka haraka, kama watu wanaogombana."

Fundi alinyamaza. Bibie aliujua ukimya ule. Ni ule wa fundi aliyekwisha kuona kosa na sasa anatafuta namna ya kulitaja bila kumuumiza mtu.

"Kuna waya mfupi wa buluu hapo," alisema hatimaye, kwa upole. "Ncha yake moja niliiacha inaning'inia. Huwa naitumia kupimia nikija na kompyuta yangu. Bado inaning'inia?"

Aliufuata waya kwa kidole. Ulitoka kwenye tundu moja la kisanduku, ukapinda vizuri, ukaingia kwenye tundu jingine la kisanduku hicho hicho. Ulikaa kwa unadhifu wa kupendeza. Hapo akakumbuka. Jana, kitambaa mkononi, aliona waya unaning'inia hauna mahali, na yeye kitu kisicho na mahali pake humnyima raha. Akaona tundu li wazi. Akauchomeka.

"Ni mimi," alisema.

"Si neno, Bibie."

"Ni mimi niliyeuchomeka. Jana ulipoondoka sikujua mikono yangu niifanyie nini, nikasafisha chumba chote. Nilidhani waya umechomoka. Mama yako anateseka huko kwa sababu mimi nilikuwa..." Machozi ya jana yakamtoka pale chini ya meza, akiwa amepiga magoti kati ya nyaya.

Kisha ikasikika sauti nyingine kwenye simu, ya kike, kavu, yenye uchovu. "Mwambie asilie juu ya faili langu. Ataniloweshea karatasi."

Bibie aliganda. Kumbe simu ya fundi nayo ilikuwa kwenye spika muda wote, imewekwa juu ya kitanda, na mama amesikia kila neno tangu mwanzo.

"Chomoa ncha moja tu," fundi alisema, na ungeweza kusikia kwamba anatabasamu na anaogopa kwa pamoja. "Ujumbe ulikuwa ukitoka unarudi pale pale, unazunguka, unazaana, mpaka njia zote zikajaa. Chomoa, halafu uizime skana uiwashe tena."

Alichomoa. Taa zilitulia. Sasa kila moja ilipepesa kwa wakati wake, kwa ustaarabu. Aliinuka akagonga kichwa kwenye meza, hakuhisi maumivu. Skana ilipowaka safari hii, lile neno baya halikuonekana. Akabonyeza kitufe, na karatasi ya kwanza ikavutwa ndani.

Hakuna muziki uliowahi kumpendeza Bibie kama mlio ule wa karatasi kumezwa. Rundo la kwanza likapita, la pili likapita. Ilibaki karatasi moja kuukuu, laini, imechanika pembeni, ambayo mashine ingeitafuna. Hiyo aliibeba kwa viganja viwili, akailaza kifudifudi juu ya kioo cha skana, akafunika polepole. Mwanga ukapita chini yake. Bi Kimya, kwa mara ya kwanza katika historia ya masjala, alikuwa kimya.

"Imefika," fundi alisema. Kisha akarudia. "Imefika, Bibie. Daktari ameiona ile ya siku ile. Anasema dawa aliyotaka kumpa leo ni ile ile."

Bibie alikaa sakafuni. Alisema asante, hakujua anamwambia nani. Alimshukuru Mungu, akaishukuru skana, akamshukuru na karani wa zamani aliyeiweka karatasi ile mahali pake miaka yote hiyo. Bi Kimya alimfuta machozi kwa kile kitambaa cha kufunikia kompyuta, na vumbi likambaki shavuni.

"Nipe hiyo simu," ilisikika sauti ya mama. Kukawa na mkwaruzo. "We binti."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umesoma?"

"Sijasoma, mama."

"Hata kidogo? Nambie kweli. Mimi naingia kupasuliwa, sina haja ya kudanganywa."

"Karatasi zinaingia zimetazama chini. Nimeona migongo yake tu. Najua ni nyingi, na moja imechanika pembeni. Zaidi ya hapo sijui kitu."

"Na mafaili ya watu wengine?"

"Namba zao nazijua. Maradhi yao siyajui, mama."

Bi Kimya hakuweza kuvumilia zaidi. Alisogea karibu na simu akasema kwa sauti kwamba yeye ni shahidi, huyu binti hata umhonge hasomi, na mtu akitaka umbea aje kwa Bi Kimya, kwa huyu atalala njaa.

Mama alicheka, cheko fupi lililomuuma tumbo akaguna. Nyuma yake zikasikika sauti za wauguzi waliokuja kumchukua.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Na hicho kichwa ulichokigonga, kipake kitu."

Simu ikakatika.

Siku ile Bibie hakusafisha chochote. Alikaa kwenye kiti, simu mapajani, akitazama ule waya wa buluu unavyoning'inia, akauacha uning'inie. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa jengo fundi alipopiga kusema kwamba uvimbe umetolewa, mama ameamka, na neno la kwanza alilotamka lilikuwa kulalamika kwamba shuka ni zito. Bibie alimpa Bi Kimya simu asikie mwenyewe. Bi Kimya alisikiliza, akarudisha simu, akamwambia kesho asionekane masjala. Apande basi la asubuhi.

Kesho yake fundi alimpokea kwenye korido ya wodi, na shati lake la juzi, na ndevu zimeanza kuchomoza. Walitazamana tu kwanza. Watu waliwapita kulia na kushoto, na wao wamesimama pale kama wamesahau wanakokwenda.

"Sijui nikushukuru vipi," alisema.

"Usinishukuru. Mimi ndiye niliyekata mtandao."

"Uliukata kwa sababu nilikuacha peke yako." Aliutazama uvimbe mdogo kwenye paji la uso wake, akanyoosha mkono kuugusa, akasita kwa sababu ya watu. "Nilipokusikia unalia chini ya meza, nilijua kitu kimoja. Mama akikataa tena, nitakaa mlangoni kwake mpaka achoke kukataa. Nakupenda, Bibie. Ningekuambia hivyo juzi badala ya kukuletea maneno ya watu."

Bibie aliuchukua ule mkono uliosita, akaushika, watu na watazame.

Wodini mama alikuwa amelala chali, mpira wa dawa mkononi, mdogo kuliko alivyokuwa Jumapili. Alimtazama Bibie alivyoingia, alivyosalimu, alivyovuta kiti akakaa mbali kidogo na kitanda kama mgeni. Hakusema mengi. Aliuliza habari za safari, akauliza kichwa kama kimepoa. Bibie naye hakuuliza lolote kuhusu ugonjwa. Alimwekea mto vizuri, akamnywesha maji kwa kijiko, akarudi kwenye kiti chake cha mbali.

Kisha muuguzi alifungua pazia na kutangaza kwamba daktari amekuja kueleza alichokikuta na matibabu yaliyobaki, kwa hiyo wasio ndugu watoke nje.

Bibie aliinuka hapo hapo. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ndiyo kazi yake. Alichukua mkoba, akamwashiria fundi kwa kichwa kwamba atangoja kule kwenye korido, akageuka.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Wamesema wasio ndugu watoke, mama."

"Nimesikia. Masikio hawakunipasua." Mama aligonga godoro kwa kiganja, mahali pa karibu kabisa na kichwa chake. "Lete kiti hapa, mkamwana. Hili utalisikia."

Bibie alikileta kiti, akaketi. Mama alimshika mkono, na daktari akafungua faili akaanza kusoma.